Chungu cha Maziwa, Mbwa wa Nyumba, na Wageni Wasioonekana

 Mwezi huu sitawaandikia habari za mbali. Nataka kuwaambia mambo yaliyotukia nyumbani mwangu mwenyewe, jikoni na uani. Katika mambo hayo madogo nalijifunza neno ambalo, kama ningalilishika mapema, watoto wangu wasingalilia. Tena naona ya kuwa aibu ya mwalimu ikifichwa haimfai mtu, bali ikisemwa yaweza kuwa onyo kwa nyumba nyingi.

Sisi twakaa milimani Usambara. Mwezi wa Julai kwetu ni baridi, na jikoni ndipo mahali pa kukutana watu wote wa nyumba. Tuko mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 12, na mdogo wake wa miaka 7. Pamoja nasi walikuwako wanyama wawili: mbwa mwekundu aliyeitwa Simba, na paka jike wa madoadoa ambaye watoto walimwita Chui. Simba alilala barazani akalinda kuku. Chui alilala karibu na mafiga, na kazi yake ilikuwa panya wa ghalani. Kabla hajaja, magunia yetu ya mbegu yalitobolewa kila wiki. Tangu alipokuja, twalisahau hata sindano ya kuyashonea.

Wako watu wasemao ya kuwa mnyama ni mnyama tu, akipata atakula, asipopata atajitafutia. Mimi sikusema hivyo kwa kinywa, lakini nalitenda hivyo, kama mtakavyoona.

MAJARIBIO YA JIKONI

Mambo yalianza kwa swali la mtoto. Asubuhi moja binti yetu aliyakuta maziwa ya jana yameganda sufuriani, akamwuliza mama yake, "Mama, ni nani aliyeyagandisha, wala hapana mtu aliyeyagusa?" Mke wangu hakumjibu kwa maneno mengi. Alisema, "Lete chupa nne zenye vifuniko, tuyaulize maziwa yenyewe."

Basi wakazichemsha chupa pamoja na vifuniko vyake. Katika ya kwanza wakatia maziwa mabichi. Katika ya pili wakatia maziwa yaliyochemka, wakafunika mara moja. Katika ya tatu wakatia maziwa yaliyochemka. Yalipokwisha kupoa, mdogo wake akachovya kidole chake, naye alikuwa ametoka kucheza mavumbini. Katika ya nne wakatia maziwa yaliyochemka, wakangoja yawe vuguvugu, wakaongeza kijiko kimoja cha mtindi mzuri. Kisha wakabandika karatasi juu ya kila chupa, wakaziweka karibu na jiko.

Kesho yake asubuhi chupa ya nne ilikuwa imeganda vizuri, yenye harufu njema. Jioni maziwa mabichi nayo yaliganda, lakini harufu yake ilikuwa nyingine, kali, isiyotamanisha. Siku ya tatu chupa ya kidole ilikuwa na mapovu, nayo yanuka hata Chui alikataa kuikaribia. Chupa ya pili ilikuwa bado ni maziwa. Hiyo nayo iliharibika baadaye, maana vipo vijidudu vichache vigumu visivyokufa kwa kuchemshwa mara moja. Hata hivyo ilizishinda zile nyingine.

Mke wangu akawaeleza watoto ya kuwa ndani ya maziwa, na juu ya kidole, na katika mavumbi, vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vingine ni rafiki, kama vile vya mtindi, ambavyo hula sukari iliyomo maziwani na kuigeuza kuwa uchachu, na uchachu ndio ugandishao maziwa. Vingine ni adui. Macho hayawezi kuvipambanua, ila kazi zake zaonekana.

Nami nikawasimulia habari za Louis Pasteur, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1822. Karibu na mwaka 1860 alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa. Hewa iliingia, lakini mavumbi yalinaswa shingoni, na mchuzi haukuoza. Alipoivunja shingo, mavumbi yakaingia, na mchuzi ukaoza. Hivyo aliwaonyesha watu wa zamani zake ya kuwa uozo hauzaliwi na mchuzi wenyewe, bali huletwa na wageni wasioonekana. Watoto walifurahi sana kusikia ya kuwa bwana mkubwa kama yule alifanya kazi ya chupa na mchuzi kama wao.

Jaribio la pili lilikuwa la hamira. Walitwaa chupa mbili, wakatia maji ya uvuguvugu na sukari katika kila moja. Katika ya kwanza wakatia kijiko cha hamira. Hamira ya chupa ya pili waliitumbukiza kwanza katika maji yanayochemka, kisha wakaitia. Juu ya kila mdomo wakafunga puto. Baada ya nusu saa hivi puto la kwanza lilisimama likavimba. La pili lililala kama kitambaa. Mdogo akapiga kelele, "Hamira imekufa!" Naye alisema kweli, maana hamira ni kitu hai, nayo hula sukari na kutoa hewa, ndiyo iumuayo mkate. Moto mwingi huiua.

Hapo mtoto akapata wazo. Ghalani kulikuwa na mahindi yaliyoingiwa na unyevu, yakashika ukungu wa kijani. Akasema, "Basi, mama, tuyachemshe sana, tumpe Simba, maana moto huua vyote." Mke wangu akamzuia. Akamwambia ya kuwa moto huua ukungu, lakini hauiondoi sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya punje. Sumu hiyo huitwa aflatoksini, nayo huharibu ini la mtu, la mbwa na la kuku. Mwaka 2004 katika nchi ya Kenya, hasa sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Mahindi yale yalikuwa yamepikwa kama mahindi yote. Basi yetu tukayatupa, ijapokuwa moyo uliuma kwa ajili ya kazi ya shamba. Nao watoto wakajifunza ya kuwa kila adui ana silaha yake, wala silaha moja haitoshi kwa wote.

JARIBIO LA SABUNI

Jaribio la tatu ndilo nililolicheka, nanyi mtaona jinsi kicheko changu kilivyonirudia.

Mke wangu alichanganya mafuta ya kupikia na masizi ya sufuria, akawapaka watoto viganjani na kati ya vidole. Kwanza wakanawa kwa maji matupu. Masizi yakabaki pale pale. Kisha wakanawa kwa sabuni haraka haraka, wakihesabu hata tano. Masizi yakatoka viganjani, lakini yakabaki kati ya vidole na chini ya kucha. Mara ya tatu wakanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, wakihesabu polepole hata sitini; mikono ikawa safi.

Akawaambia, "Sabuni ina mikono miwili: mmoja hushika mafuta, na mmoja hushika maji. Ndiyo maana yaweza kuyaondoa mafuta ambayo maji peke yake hayayawezi. Nanyi mjue ya kuwa viko vijidudu vidogo mno, viitwavyo virusi, na baadhi yake vimevaa koti la mafuta. Sabuni hulirarua koti hilo, navyo vyafa. Virusi vya kichaa cha mbwa ni vya namna hiyo. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda huoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 zisizopungua."

Binti akauliza, "Mbona nyingi hivyo?"

"Kwa sababu meno huingia ndani kuliko masizi," alijibu mama yake.

Mimi nalikuwa mezani nikisahihisha madaftari. Nikacheka, nikasema, "Mama, wafundishe kupika chapati, mbwa wetu hana kichaa." Mke wangu akaninyamazia.

TANGAZO NILILOLISOMA

Mwezi wa Agosti bwana mifugo alileta tangazo ya kuwa siku fulani mbwa na paka wote watachanjwa katika uwanja wa shule, bila malipo. Mimi ndimi niliyelisoma mbele ya watu baada ya ibada, kwa sauti kuu, nikawasihi waje. Lakini siku yenyewe ilipofika, nalikuwa na mafundi wa paa. Mke wangu alinikumbusha mara mbili. Nikamwambia, "Simba hatembei ovyo. Hukaa nyumbani. Tutampeleka mwakani." Naye alikuwa ametakiwa kwenda kumwuguza mama yake, kwa hiyo hakuweza kumpeleka yeye.

Jioni nikawaona watu wakirudi, wengine wamewaongoza mbwa kwa kamba, wengine wamebeba paka katika matenga. Jirani yangu maskini, asiyejua kusoma, aliwaleta mbwa wake watatu kwa sababu alisikia tangazo kinywani mwangu. Nami niliyelisoma sikumpeleka hata mmoja.

JUMAMOSI YA MBWA MGENI

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, saa nne asubuhi. Mke wangu alikuwa sokoni, nami nalikuwa shuleni. Watoto walikuwa uani. Mara akaingia mbwa asiyejulikana, amekonda, anapepesuka, udenda wamtoka, na sauti yake imekwaruza. Hakubweka wala hakuogopa watu. Akamrukia Simba, wakapigana. Mwanangu mdogo, kwa kumpenda mbwa wake, alitwaa ufagio akaenda kumsaidia. Yule mbwa akageuka, akamwuma mguuni, nyuma ya goti, kisha akatoka akaenda zake.

Dada yake hakupiga kelele. Alimshika mkono ndugu yake, akamketisha juu ya jiwe karibu na pipa la maji, akatwaa sabuni ya mche, akaitazama saa ya ukutani kwa mlango uliokuwa wazi, akaanza kuosha. Mtoto alilia sana, maana sabuni yawasha. Naye hakuacha. Alimimina maji kwa kata, akasugua, akamimina tena.

Mzee mmoja jirani yetu akaja mbio, ana pilipili iliyotwangwa na tumbaku katika jani, akitaka kuvitia kidondani, kama walivyofanya wazee wa zamani. Ndivyo alivyojua, naye alikuja kwa upendo. Binti akamwambia, "Shikamoo, babu. Naomba unisamehe. Mama alisema dakika kumi na tano, na bado tano." Mzee akamtazama, akaliweka chini lile jani, akashika kata. Basi mzee akamimina maji, na mtoto akaosha, hata dakika zikatimia.

Nalipofika nikawakuta hivyo. Nikamtwaa mwanangu, tukapanda pikipiki hata zahanati ya karibu. Pale hapakuwa na dawa ya chanjo. Wakatuambia twende mbele, hospitali ya mjini. Tukafika jua linakaribia kutua. Mganga alipokiona kidonda akauliza, "Ni nani aliyekiosha?" Nikamwambia, "Dada yake, mtoto wa miaka 12." Akasema, "Mtoto huyo amefanya kazi ambayo watu wazima wengi huisahau." Akakiosha tena, wala hakukishona, maana kidonda cha mbwa hakishonwi upesi. Akampiga sindano ya chanjo begani, na dawa nyingine ya kinga akaiingiza pembeni mwa kidonda. Akatuagiza turudi siku ya tatu, na siku ya saba, na mara nyingine tena baadaye, tusikose hata mara moja, ijapokuwa mtoto ataonekana mzima.

Kesho yake watu walimkuta yule mbwa amekufa kando ya mto. Bwana mifugo alichukua sehemu ya kichwa chake akaipeleka kupimwa. Majibu yalipokuja, yalisema ni kichaa.

Usiku ule wa kwanza nalikesha karibu na kitanda cha mwanangu, nikamkumbuka tena Pasteur, maana ile habari ya mchuzi sikuwa nimeimaliza. Mwaka 1885 mama mmoja wa nchi ya Alsace alimleta Paris mwanawe wa miaka 9, jina lake Joseph Meister. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate, naye alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa mahali pengi mwilini. Pasteur alikuwa ametengeneza chanjo, lakini alikuwa ameijaribu hasa kwa wanyama. Alijua ya kuwa asipomchanja, huenda mtoto atakufa. Tarehe 6 Julai wakaanza kumpiga sindano, kila siku, hata zikawa 13. Mtoto akapona, akakua, akawa mlinzi wa mlango katika chuo kilichojengwa Paris kwa jina la Pasteur. Nikawaza juu ya mama yule njiani, asiyejua kama dawa ipo. Mimi nalijua ya kuwa ipo, na ya kuwa imekuwapo zaidi ya miaka mia. Nalijua tena ya kuwa ililetwa hata uwanja wa shule yangu, kwa ajili ya mbwa wangu, nami nikajenga paa.

HABARI YA SIMBA

Mwanangu aliokoka. Lakini Simba alikuwa ameumwa, wala hakuwa na chanjo. Bwana mifugo alikuja akasema kwa upole, "Mwalimu, kama angalichanjwa, ningalimchanja tena leo na kumtazama, na huenda ungebaki naye. Sasa njia ni mbili: au auawe, au afungwe peke yake miezi, asiguswe na mtu wala mnyama, nawe usijue ni siku gani atageuka." Nyumba yetu ina watoto, na ua wetu hauna mahali pa kumfungia hivyo. Nikachagua njia ya kwanza.

Alimpiga sindano ya usingizi, kisha ya pili. Simba alinitazama akatikisa mkia, maana hakujua. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Baba, Simba amekosa nini?" Nikamwambia, "Simba hakukosa neno. Aliyekosa ni mimi." Nami nikamweleza yote, tangazo na mafundi na neno la mwakani. Mzazi huona vigumu kusema hivyo mbele ya mtoto wake, lakini ningaliwezaje kuwafundisha kukiri makosa yao, na langu nilifiche? Tukamzika chini ya mparachichi, shimo refu. Jioni ile hapana aliyekula sana.

Tangu siku ile naliwaza mara nyingi juu ya zile chupa nne. Watoto waliamini habari za vijidudu kwa sababu waliyaona maziwa. Binti yetu aliamini sabuni kwa sababu aliona masizi yakitoka. Nao walipoamini, walitenda saa ile ile, pasipo kuuliza. Mimi nalijua zaidi yao, nami nalisoma vitabu na matangazo, ila sikutenda. Basi kujua peke yake si kinga. Hamira iliyokufa nayo huitwa hamira, lakini haiumui mkate.

MAMBO YA KUSHIKA

Shirika la Afya Duniani lakisia ya kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia. Karibu wote waliupata kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu hapana aponaye. Lakini kabla ya dalili, dawa yafaa sana. Tena ugonjwa waweza kukatwa shinani, maana mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, hauwezi kuendelea kuenea. Kisiwani Pemba waliwachanja mbwa, ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukarudi. Wakachanja tena kwa bidii, na mwaka 2018 ukakoma. Basi jambo hili lawezekana hata kwetu. Nawasihi mshike haya:

1. Mbwa na paka wachanjwe wakifika miezi mitatu, na tena kila mwaka kama bwana mifugo aagizavyo. Mbwa akaaye nyumbani achanjwe vile vile, maana adui huja mpaka uani.

2. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate ya mnyama yakiingia katika kidonda, aoshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Msitie pilipili, wala majivu, wala tumbaku. Kisha aende hospitali siku ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo. Ugonjwa huu mara nyingi hukaa kimya miezi miwili au mitatu kabla ya kuonekana. Kimya hicho kisiwadanganye.

3. Mbwa aliyeuma, kama ni wa jirani naye ni mzima, afungwe atazamwe siku 10. Lakini mtu asingoje siku hizo ndipo aende kutibiwa.

4. Mbwa asipewe matumbo, maini wala mapafu mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji. Ndani yake waweza kuwamo watoto wa tegu ambao hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake hurudi kwa watu na kufanya uvimbe mkubwa. Watu wa Turkana katika Kenya wameteswa sana na ugonjwa huo. Vitu hivyo vichemshwe sana, au vizikwe mbali chini.

5. Nafaka yenye ukungu isipewe mtu, wala mbwa, wala kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu yake huweza kupita hata katika maziwa.

6. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika wanyama na kabla ya kushika chakula. Mama mwenye mimba asizoe mavi ya paka. Azoe mtu mwingine, kila siku, kabla hayajakaa.

7. Watoto wafundishwe kutomsumbua mbwa alaye, alalaye, au anyonyeshaye. Na wakimwona mbwa mgeni apepesukaye, waingie ndani wafunge mlango, hata kama mbwa wao yuko nje.

Sharti la saba ni gumu kwa mtoto mwenye upendo. Kwa hiyo afadhali baba atimize la kwanza.

Mwaka uliofuata twalipata mtoto wa mbwa, mweusi mwenye kifua cheupe. Watoto hawakutaka kumwita Simba; wamemwita Mlinzi. Siku ya chanjo ilipotangazwa, nalisoma tangazo kama kwanza, kisha nikawaambia watu habari hii yote, kama nilivyowaandikia ninyi. Asubuhi tukaenda wote: mimi nimeshika kamba ya Mlinzi, mke wangu na mtoto mdogo wamebeba tenga la Chui, naye Chui alilia njia nzima. Yule mzee wa pilipili alikuwa ametangulia na mbwa wake. Aliponiona akacheka, akamwita binti yangu, akamwuliza, "Leo ni dakika ngapi, bibi mganga?"

Kadi za chanjo tumezitundika jikoni, msumari mmoja, juu ya kopo la hamira na kipande cha sabuni. Kila mmoja aingiaye kupika huziona. Nanyi, wasomaji wapendwa, kabla hamjalikunja gazeti hili, tazameni ukutani mwenu kama yako mahali pa msumari.